Barua kwa Mhariri: Hati ya Kijapani ina juu na chini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua barua hii ni ndefu kuliko kawaida yenu, lakini jambo lenyewe limenikaa rohoni tangu nilisome, na sikuona namna ya kulisema kwa mistari kumi.

Katika toleo lenu la mwisho wa wiki mlichapisha makala kuhusu kupamba nyumba za kisasa, na ndani yake zilikuwamo aya mbili za maandishi ya Kijapani ya brashi. Mwandishi aliyasifia, nami nikafurahi. Kisha akamshauri msomaji achague umbo lolote linalompendeza, alipakue, alichapishe kwenye turubai na kulitundika juu ya kochi. Hakugusia hata kidogo kwamba umbo hilo ni neno. Picha iliyowekwa pembeni ya makala ilionyesha turubai tatu juu ya kochi la kijivu: ya kushoto imeandikwa "maelewano", ya kulia "moyo", na ya katikati, iliyo kubwa kuliko zote, imeandikwa "utulivu", kichwa chini miguu juu. Neno hilo lina mstari mrefu wa wima unaoshuka na kumalizikia kwa kindoano kidogo. Katika picha yenu kindoano kilikuwa kinaelekea darini. Niliigeuza simu nihakikishe, nikairudisha, nikaigeuza tena.

Naandika kutoka Kyoto. Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa, na nafanya kazi katika karakana ya kutengeneza kakejiku, yaani hati na picha za kuning'iniza ukutani ambazo huviringishwa na kuhifadhiwa kwenye kisanduku cha mbao nyepesi ya kiri. Mimi si mwandishi wa brashi. Kazi yetu huanza pale mwandishi anapoiweka brashi chini: anatuletea karatasi moja nyembamba yenye wino, nasi tunaipa mgongo, tunaipa kitambaa cha pembeni, fito ya juu na fito ya chini, ili iweze kukaa ukutani wima bila kujikunja.

Karatasi inapotufikia huwa imekunjamana. Wino ukikauka huivuta, kwa hiyo penye mstari mnene pana mikunjo na penye weupe pametulia. Tunailaza kifudifudi mezani, tunainyunyizia maji mepesi kama umande, halafu tunaipapasa kwa brashi pana kutoka katikati kwenda pembeni mpaka mikunjo yote iishe. Katika kazi hii yote, hapo ndipo ninapopapenda kuliko pengine. Karatasi ikiloa huwa kama ngozi ya kitunguu, na maandishi yanaonekana kwa nyuma yakiwa yamegeuka. Unaona brashi ilipotua, kwa sababu wino umepenya mpaka upande wa pili. Unaona ilipokimbia, kwa sababu hapo wino umegusa juu juu tu. Kuna siku nilikuwa nabandika hati ya mtu aliyefariki mwezi mmoja kabla, na katika mstari wa mwisho niliona mahali mkono wake uliposita, pakawa na doa jeusi la duara lisilozidi punje ya mchele. Upande wa mbele doa hilo huwezi kulitambua. Nilimwonyesha mzee wetu wa karakana. Aliliangalia kwa muda, kisha akaniambia niendelee, karatasi isije ikakauka.

Gundi yetu ni ya wanga wa ngano. Ile ya tabaka la kwanza hupikwa mpya, na ile ya matabaka ya nyuma huwa imekaa mtungini kama miaka kumi mpaka ikapoteza nguvu zake nyingi. Udhaifu huo ndio tunaoutaka, kwa sababu inashika bila kukaza, na fundi atakayeifungua hati hiyo baada ya miaka 100 ataweza kuibandua bila kuichana. Karatasi ya mgongo wa kwanza ni ya Mino. Zinazofuata hutoka Yoshino, milimani mwa Nara, moja ikiwa imechanganywa na unga wa makombe ya baharini na nyingine na udongo mweupe. Kila tabaka hukaushwa juu ya ubao, taratibu, na mwishoni mgongo husuguliwa kwa shanga za kioo ili ulainike. Kazi moja huchukua wiki nyingi, mara nyingine miezi.

Sasa, nilipoikuza ile picha yenu, niliona jambo la pili. Brashi ikikimbia ikiwa na wino kidogo huacha michirizi myeupe ndani ya mstari mweusi. Wajapani huiita kasure. Katika turubai zote tatu michirizi ilikuwa ileile, kwa idadi na kwa mpangilio, kama alama ya muhuri. Yaani hakuna mkono uliopita pale. Ni programu ya kompyuta iliyojaza maumbo kwa mchirizi mmoja uliotengenezwa mara moja. Hati ya kweli haiwezi kuwa na mchirizi unaofanana na mwingine hata mwandishi mwenyewe akitaka, kwa kuwa kila unywele wa brashi unabeba wino wake na unaishiwa kwa wakati wake.

Wino wenyewe una habari ndefu, nitaukata kidogo. Sehemu kubwa sana ya vipande vya wino wa Japani hutengenezwa Nara, na huko kuna karakana iliyoanza mwaka 1577 na bado inafanya kazi. Wanachoma mafuta ya mimea kwenye visahani vya udongo, masizi yanaganda kwenye kifuniko, kisha masizi hayo yanakandwa pamoja na gundi ya ngozi ya mnyama na manukato kidogo. Wanafanya hivyo miezi ya baridi tu, kwa sababu joto huiharibu ile gundi. Nilikwenda Februari moja, nikapewa donge la wino bichi nilifinye. Lilikuwa na joto kama mkate uliotoka kuokwa, laini, lina harufu ya kafuri, na lilipokauka alama za vidole vyangu vyote vitano zilibaki. Ninalo mpaka leo. Vipande vya kuuzwa hufukiwa kwenye majivu yanayobadilishwa kila siku, kutoka yenye unyevu kwenda makavu, kisha huning'inizwa kwa nyasi kwa miezi. Masizi ya mafuta hutoa weusi wenye ujoto wa kahawia, na masizi ya msonobari hutoa weusi unaoelekea bluu, hasa wino ukizimuliwa kwa maji. Weka hati mbili za aina hizo ubavuni kwa ubavu kwenye ukuta mweupe na hutauliza tena kwa nini watu wanasema weusi una rangi.

Lakini kuna jambo ninalotamani wasomaji walielewe kuliko hayo yote. Nilipoajiriwa, mzee wetu, ambaye sote tunamwita oyakata, neno la heshima la mafundi kwa mkubwa wao, alinitaka nijifunze brashi mwaka mzima ili nijue ninachokibandika. Akanipeleka kwenye darasa la Jumamosi asubuhi kwa mama mmoja mzee, katikati ya watoto wa miaka tisa. Shuleni Japani watoto huanza brashi darasa la tatu, kwa hiyo wenzangu na mimi tulikuwa ngazi moja. Mwezi wa kwanza wote niliandika neno "moja". Kwa kanji, zile herufi za Kijapani zilizotoka Uchina, "moja" ni mstari mmoja wa mlalo, basi. Ncha inatua kwa mshazari, inatulia, inavutwa kulia ikipanda kidogo kidogo, inasimama, inajirudi, inainuka. Katika safari hiyo fupi ya kiganja kimoja yanaweza kuharibika mambo sita, na yote yanabaki yakionekana.

Siku moja mstari wangu ulikonda katikati. Nikachovya tena, nikapitisha brashi juu yake, ukanenepa, nikauona mzuri. Mwalimu alikuwa upande wa pili wa chumba. Alikuja, akaiinua karatasi yangu akaielekeza dirishani, na kwenye mwanga pale nilipoongezea palionekana mstari ndani ya mstari, mweusi zaidi, kama kovu. Hakunikaripia. Aliniambia kitendo hicho kina jina lake, "kuandika mara mbili", na hakifanywi, akaniwekea karatasi mpya. Watoto wawili waliniangalia kwa huruma ya dhati kabisa.

Tangu siku hiyo naiona kila hati kama kitu kilichotokea. Mtu alikaa, akavuta pumzi, akaandika, na hakuna sehemu aliyoirudia. Mistari ina mpangilio wake, upi unatangulia na upi unafuata, na anayeujua huweza kuufuata kwa macho kuanzia wino wa kwanza mzito mpaka brashi inapokauka. Kila Desemba hapa Kyoto, katika hekalu la Kiyomizu, mkuu wa hekalu huandika hadharani neno moja lililochaguliwa na umma kuwa neno la mwaka. Anatumia brashi kubwa, kwenye karatasi ya kusimama ya mita 1.5 kwa 1.3. Desturi hiyo ilianza 1995, na neno la mwaka huo lilikuwa "kutikisika", kwa sababu ya tetemeko la Kobe la Januari. Mwaka 2011, baada ya tetemeko na tsunami ya kaskazini mashariki, neno likawa "kifungo", kile kinachomfunga mtu na mwenzake. Nimesimama pale mara mbili. Mzee anapoanza kuandika, umati wote unanyamaza, na ukimya huo hauvunjiki mpaka brashi iinuke mara ya mwisho.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na ushauri wa kuchagua kwa umbo peke yake. Alikuwapo hapa Japani mwandishi aitwaye Inoue Yuichi, aliyezaliwa 1916 na kufariki 1985. Alikuwa mwalimu wa shule. Usiku wa mabomu ya Tokyo wa Machi 1945 alikuwa zamu shuleni, watu wengi wakakimbilia shuleni hapo wakateketea, yeye akaokolewa akiwa hana fahamu. Baadaye aliandika neno "umaskini" kwa miaka na miaka, tena na tena, kwa brashi kubwa kama ufagio, na neno hilo kwa umbo ni zuri ajabu: kama mtu anayetembea akiwa amebeba paa la nyumba kichwani. Mbunifu asiyeuliza angeweza kulichapisha na kulitundika kwenye ukumbi wa karamu. Sisemi lisitundikwe. Ningelitundika kwangu kesho kama ningekuwa na uwezo wa kulinunua. Nasema anayelitundika awe amelikaribisha kwa jina lake.

Naomba nisieleweke kwamba napinga nyumba za kisasa, au nataka hati hizi zibaki mahekaluni. Inoue huyohuyo na wenzake, akiwamo Morita Shiryu, waliunda kikundi chao hapa Kyoto mwaka 1952 wakitaka brashi ikae sawa na uchoraji wa kisasa wa dunia nzima. Na mwanamama Shinoda Toko, aliyezaliwa 1913 na kufariki 2021 akiwa na umri wa miaka 107, alikwenda New York mwaka 1956 akaishi huko kama miaka miwili, na kazi zake za wino mweusi zenye mistari mipana na mstari mmoja mwekundu mwembamba zinakaa kwenye ukuta wa zege na kioo kana kwamba ukuta ulijengwa kwa ajili yake. Wala sina ugomvi na chapa. Shinoda mwenyewe alichapa kwa jiwe, na nakala nyingi alizipitia tena kwa brashi, moja moja, kwa mkono wake. Ugomvi wangu ni juu ya umbo lisilo na mtu nyuma yake na lisilo na maana mbele yake.

Mwaka juzi hoteli moja, ambayo sitaitaja, ilituletea hati kubwa ya kuwekwa mapokezi. Ilikuwa kazi nzuri kweli, neno "maji" limeandikwa kwa mwandiko wa mbio, mkia wake umetoka karibu na ukingo wa karatasi. Upande wa kushoto, chini, palikuwa na muhuri mwekundu wa mwandishi, mraba usiozidi ncha ya kidole gumba. Mbunifu wa mapambo ya ndani ya hoteli ndiye aliyekuja nayo. Alitaka tukate sentimita nane za kushoto, muhuri uondoke, kwa kuwa wekundu ule ungegombana na zulia. Alisema kwa adabu, ameleta hata kipande cha zulia kwenye mfuko, akakiweka juu ya meza yetu kando ya karatasi.

Oyakata aliuliza kama mwandishi ameafiki. Mbunifu akasema mwandishi ameshalipwa. Basi mzee akaanza kuiviringisha ile karatasi, polepole, kwa viganja viwili, akaifunga uzi na kumrudishia kwa mikono yote miwili. Hakusema neno lingine. Mimi ndiye niliyemsindikiza mgeni mlangoni, na njiani nilijaribu kumweleza: muhuri hupigwa mwisho kabisa, baada ya mwandishi kuitazama hati yote na kuona uzito umelalia wapi. Katika kazi nyeusi na nyeupe hiyo ndiyo rangi pekee, na mahali pake pamechaguliwa kama mtu anavyochagua mahali pa kuweka jiwe ili mzani utulie. Ukiukata, lile neno linaegemea upande. Sikufanikiwa kumshawishi. Hati ile hatukuiona tena, na mimi bado naikumbuka kila ninapopita mapokezi ya hoteli yoyote.

Kuna suala la nafasi pia, na hapa picha yenu ilinisikitisha hata kama maneno yangekuwa wima. Turubai tatu, taa mbili, rafu ya vitabu, na saa ya ukutani. Katika chumba cha jadi cha Kijapani kuna kishubaka cha ukutani kilichoinuliwa kidogo kutoka sakafuni, kiitwacho tokonoma, na humo hutundikwa hati moja, basi, pengine na ua moja chini yake. Kwenye chumba cha chai mgeni huingia akiinama, akaenda kwanza mbele ya hati, akapiga magoti akainamisha kichwa, akaisoma, ndipo akatazama vingine. Mwenyeji ameichagua kwa siku hiyo na kwa wageni hao. Baada ya siku hizo inaviringishwa na kurudi kisandukuni, na nyingine inatoka kwa majira yake.

Watu hudhani haya hayawezekani kwenye nyumba za ghorofa zisizo na tokonoma. Tuna mteja, bibi wa miaka 80 na kitu, aliyehama nyumba ya zamani ya mbao akaingia ghorofa ya saba. Ana hati kumi na mbili, moja kwa kila mwezi, na ukuta uliobaki kati ya mlango wa balkoni na kabati ni wa sentimita 60. Alikuja karakana akiwa na huzuni, akidhani itabidi azigawe. Tulimtengenezea ndoano moja kwenye reli ya dari, tukazifungua hati nne zilizokuwa ndefu mno na kuzivisha upya kwa vitambaa vifupi, na kwa miezi mingine akakubali kutumia shikishi, yale makaratasi magumu ya sentimita 27 kwa 24 yanayochomekwa kwenye fremu nyembamba ya kuning'iniza na kubadilishwa kwa nusu dakika.

Bibi huyo mwenyewe huandika kana, zile herufi laini zilizokuzwa na wanawake wa kasri hapa Kyoto zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, zikaitwa "mkono wa kike". Nilipompelekea kazi ya mwisho alikuwa ameshatundika ya kwake, shairi fupi la mvua. Mistari haikuanza kimo kimoja: wa kwanza juu, wa pili chini kidogo, wa tatu karibu na katikati, umenyooka mwembamba kama uzi, kisha upande wote wa kulia chini ni mweupe. Aliniambia weupe ule ndio mvua. Ukuta uliobaki aliuacha mtupu kabisa, bila msumari. Nilikaa pale nikanywa chai vikombe viwili, na sebule ile ndogo ya ghorofani ilikuwa na nafasi kubwa kuliko hoteli ile yote.

Kuhusu utunzaji nitasema machache. Wino wa masizi haupauki kwa jua, lakini karatasi hugeuka manjano na kitambaa cha pembeni hupauka, kwa hiyo hati isikae panapopigwa na jua moja kwa moja. Isikae mbele ya kiyoyozi, itajikunja pembeni kama jani kavu, na kuinyoosha tena ni kazi. Isiviringishwe siku ya mvua, maana utafungia unyevu ndani, na ukungu utakuwa mgeni wako wa mwezi ujao. Hapa tunazitoa zipate hewa siku kavu za vuli.

Na kwa anayedhani haya ni ya matajiri: tarehe 21 ya kila mwezi kuna gulio katika hekalu la Toji, kusini mwa stesheni ya Kyoto. Hufanyika tarehe hiyo kwa kumbukumbu ya mtawa Kukai, ambaye watu humwita Kobo, aliyefariki tarehe 21 ya mwezi wa tatu mwaka 835. Alikuwa mmoja wa waandishi watatu wakubwa wa zama zake, kiasi kwamba methali ya hapa inasema hata Kobo brashi humkosea. Mwaka wangu wa pili nilinunua pale hati kwa yeni 2,000. Kitambaa kilikuwa kimechakaa, fito ya chini ina ufa, na mwandishi ni mtu ambaye hakuna anayemjua. Ina kanji tatu, maneno ya mtawa wa kale wa Kichina yanayopendwa sana na watu wa chai, na maana yake ni "kunywa chai kwanza". Niliitengeneza upya jioni baada ya kazi kwa miezi minne, oyakata akinipa mabaki ya kitambaa bila kuniuliza ni ya nini. Inakaa kwenye chumba changu kidogo cha tatami sita, yaani mikeka sita ya sakafuni, ukuta wa plastiki, juu ya jiko la mafuta ninalolizima kabla ya kuitundika. Nikirudi nimechoka ndicho kitu cha kwanza ninachokisoma.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza, siku nyingine mkiandika juu ya maandishi haya, mwambieni msomaji kwamba ni maneno, aulize yanasema nini na nani aliyaandika. Hata kijana anayesoma Kijapani mwaka wa kwanza ataweza kumsaidia. La pili linahusu nyumba ile ya pichani. Mnamjua mwenyewe, maana mpigapicha wenu aliingia sebuleni kwake. Tafadhali mwambieni kwamba turubai ya katikati, ile kubwa, imegeuka. Kwa kadiri ninavyoona kwenye picha inashikwa na misumari miwili tu nyuma, kila upande mmoja, na watu wawili wakisimama juu ya kochi wataigeuza kwa dakika moja. Kindoano kielekee sakafuni, upande wa kushoto.

Msomaji wako,
Kyoto, Japani